Kabla ya Mistari, Kauntabuku

Tangu habari zienee kwamba ifikapo mwisho wa 2027 mashine za keshia duniani zinatakiwa ziweze kusoma misimbo ya miraba, ile tunayoilenga kwa simu tukilipa dukani, pamoja na mistari ya barkodi tuliyoizoea, wakamuaji wa alizeti wa kwetu Mkalama, mkoani Singida, wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna nyingi. Mistari inakufa? Tungoje kwanza? Mmoja wa Iguguno, mwenye maboksi ya lebo alizochapisha mwaka jana, aliniuliza kwa uchungu: "Sasa kaka, hizi nizichome?"

Asizichome. Mpango huo ni wa GS1, shirika linalosimamia namba za barkodi kimataifa, na haumlazimishi mtu kufuta mistari yake. Wanachotaka ni mashine ya dukani isome vyote viwili. Hata hivyo swali lake limenikalia kichwani kwa sababu nyingine. Watu wengi wanaoihofia mistari hii isiondoke hawajawahi kuitumia ndani ya viwanda vyao hata siku moja. Waliilipia, wakaichapa kwenye chupa, wakaiacha ikae hapo. Mimi nimepita kwenye shughuli hii tangu kabla sijajua kama kuna kitu kinaitwa barkodi, na nadhani yale niliyopitia yanaweza kumsaidia mtu anayejiuliza kama alipe, asilipe, au angoje.

Nilikulia Kinyangiri wakati umeme ulikuwa bado na mashine za kukamua za injini ya dizeli zilikuwa za kuhesabu. Waliotangulia walikamua kwa mashine ya mkono, ile yenye mpini mrefu wa kushindilia juu chini, aina iliyobuniwa Arusha katikati ya miaka ya 1980 na Mmarekani Carl Bielenberg na ikasambaa hadi vijijini. Ilikuwa inatoa mafuta na jasho kwa kipimo kinachokaribiana. Injini ilipoingia, foleni ikahamia kwenye nyumba ya bati yenye moshi mweusi na kelele iliyosikika hadi shuleni. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa nasubiri matokeo, mjomba akanipeleka kwa mzee mmoja mwenye mashine nikawe karani.

Ukarani wenyewe ulikuwa hivi. Mkulima analeta magunia yake ya alizeti, mara nyingi mbegu ya Rekodi, anakamuliwa, anaondoka na mafuta. Asiye na hela anamwachia mwenye mashine mashudu, na mwenye mashine anayauza kwa wafugaji. Ugumu ulikuwa kwamba kila mtu alitaka mafuta ya alizeti yake mwenyewe. Alikuwa na haki. Kuna aliyepepeta na kuanika hadi punje zikalia mkononi, na kuna aliyekuja na gunia lenye mawe, makapi na unyevu. Ukimchanganyia wa kwanza na wa pili, umemwibia.

Kwa hiyo magunia yaliwekwa alama. Huyu alichora msalaba kwa mkaa, yule alishona mdomo wa gunia kwa uzi wa rangi, na shangazi yangu alifunga kipande cha kanga nyekundu kwenye sikio la gunia, mafundo mawili, ili watoto wasikifungue. Siku moja mama wawili waliotoka upande wa Gumanga wakakutana mlangoni, wote magunia yao yameshonwa kwa uzi wa buluu, nyuzi za duka moja. Mafuta yalishatoka, yamo kwenye pipa yanatuama. Kila mmoja akasema ni yake. Sauti zikapanda mpaka mzee akazima injini.

Hakubishana na mtu. Alifungua kauntabuku lililokuwa juu ya kreti la soda, kurasa zake za pembeni zimelowa mafuta hadi unaona mwanga, akapeleka kidole mstari kwa mstari: jina, kijiji, magunia mangapi, siku yalipoingia, siku yalipokamuliwa, yametoa madumu mangapi. Mmoja alileta Jumanne, mwenzake Alhamisi. Yaliyokamuliwa ni ya Jumanne. "Mama, yako bado yamo ndani ya magunia, yale pale," alimwambia wa pili, na kesi ikaisha. Yule mama hakufurahi, lakini hakuwa na la kujibu.

Wakati huo niliona ni hekima za mzee tu. Baadaye, nikiwa mbali sana na Kinyangiri, ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi ile niliona mfumo mzima wa utambuzi wa bidhaa. Uzi wa buluu ulikuwa alama, na alama kazi yake ni kutofautisha kitu na kitu. Habari yenyewe, ya nani, lini, kutoka wapi, imeandikwa mahali pengine. Wawili wakitumia alama moja, au alama ikakosa kitabu, mnabaki kupiga kelele mlangoni.

Dar es Salaam niliingia kama kibarua kwenye kiwanda kimoja cha sabuni ya maji kando ya Barabara ya Pugu, nikapanda hadi kuwa msaidizi wa mtunza stoo. Huko ndiko nilikoshika kwa mara ya kwanza skana ya mkononi. Tuliiita bastola. Kila katoni ilibandikwa lebo ya ndani, tofauti na ile ya kwenye chupa ambayo ni ya keshia, na kila katoni ikivuka mlango wa uzalishaji kwenda stoo ilipigwa bastola, ikalia "tii", namba ikaingia kwenye kompyuta.

Fundi aliyetufunga mfumo alikuwa mtu wa hadithi. Ni yeye aliyetusimulia kuhusu Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, waliopewa hataza ya wazo hili mwaka 1952. Woodland alikuwa ameketi ufukweni Miami akifikiria nukta na mistari ya simu za maandishi za Morse, akaburuza vidole kwenye mchanga na mistari ikatokea. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya wazo kufika dukani. Tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, Ohio, keshia alipitisha paketi ya bazoka za Wrigley's na mashine ikaisoma. Fundi alipenda sana kutaja bei yake, senti 67. Lakini kilichonivutia zaidi ni habari ya misimbo ya miraba. Watu wengi wanadhani imeletwa na kampuni za simu ili tulipie chipsi. Ilizaliwa kiwandani, Japani, mwaka 1994, kwenye kampuni ya Denso Wave, kundi la Masahiro Hara, kwa sababu watengeneza vipuri vya magari walichoka kupiga skana barkodi kadhaa kwenye kasha moja. Walihitaji alama moja ibebe habari nyingi, isomeke hata ikichafuka kidogo. Ni shida ya stoo iliyozaa kitu hicho.

Shida zetu za stoo zilikuwa za aina yake. Miezi michache baada ya mfumo kufungwa, hesabu ya kompyuta na hesabu ya macho zikaanza kupishana, hasa zamu ya usiku. Kompyuta inasema ziko katoni nyingi, ukienda kuhesabu hazifiki. Walinzi wakashukiwa, madereva wakapekuliwa. Mwishowe supavaiza mmoja mkimya akakaa stoo hadi alfajiri bila kumwambia mtu, akaona. Kibarua mmoja, kijana mwepesi na mchapakazi, alikuwa amebandua lebo moja akaibandika kwenye nguzo ya mlango, usawa wa kifua. Chaga la mbao lenye katoni likipita anaipiga nguzo bastola, tii tii tii, mara 40, kwa sababu chaga moja linatakiwa kuwa na katoni 40. Likipita na 38, nguzo inasema 40. Hakuiba hata chupa. Alikuwa anaokoa mgongo wake, maana kuinama kutafuta lebo ya kila katoni usiku kucha si mchezo.

Kijana alifukuzwa, na mpaka leo naona alionewa. Kosa lilikuwa kwenye namna lebo zilivyopangwa: katoni zote za sabuni ya aina moja zilibeba namba moja. Kwa mashine, nguzo na katoni vilikuwa kitu kimoja. Fundi aliporudi alibadilisha, kila katoni ikapewa namba yake ya peke yake, ukiipiga mara ya pili skana inakataa kwa mlio mwingine. Hapo nguzo ikakosa kazi. Namba inayosema "hii ni sabuni ya lita moja" ni ya muuzaji. Kiwanda kinahitaji namba inayosema "hii ni katoni ile, ya bechi ile, ya jana usiku", na wengi wanaonunua barkodi hawajui kuwa hivyo ni vitu viwili.

Faida yake niliiona wakati mteja wa Mbeya alipopiga simu kwamba chupa zinavuja njiani. Mwaka mmoja kabla, wakati bado tunaandika kwenye makaratasi, kasoro ndogo kuliko hiyo ilirudisha mzigo kutoka karibu kila mkoa, kwa sababu hakuna aliyejua zilizoharibika zilikwenda wapi. Safari hii tuliomba asome lebo ya katoni. Bechi ikaonyesha ni zamu ya jioni, na jioni ile ilifunguliwa mifuko ya mifuniko ya msambazaji mpya. Katoni za bechi hiyo zilipanda malori mawili tu, la Mbeya na la Songea. Mwanza, Arusha na Tanga hawakujua hata kama kulikuwa na tatizo. Kazi nzima iliisha kabla ya chai ya saa nne.

Kipindi hicho pia nilijifunza kuzisoma zile tarakimu 13 zilizo chini ya mistari. Za mwanzo zinaonyesha namba imetolewa na ofisi ya nchi gani, zinazofuata ni za kampuni, kisha za bidhaa, na ya mwisho ni ya kujihakiki. Chukua namba ya mfano, 620123456789. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano hadi ya kumi na moja: 6, 0, 2, 4, 6 na 8, unapata 26. Za nafasi ya pili, ya nne hadi ya kumi na mbili, 2, 1, 3, 5, 7 na 9, zinatoa 27. Zidisha kwa 3 upate 81. Jumla ni 107. Ili ufike 110 panatakiwa 3, na hiyo 3 ndiyo tarakimu ya kumi na tatu. Keshia akikosea kuandika tarakimu moja, hesabu inagoma. Ni kinga nzuri dhidi ya kidole kilichoteleza. Dhidi ya lebo iliyobandikwa kwenye nguzo haina msaada wowote.

Nikiwa na elimu hiyo mpya nilikuwa kero madukani, nageuza kila pakiti. Bidhaa nyingi za Tanzania zilianza na 616, ya Kenya, au 600, ya Afrika Kusini, kwa kuwa hapa hapakuwa na ofisi ya kutoa namba. Watu waliumia, na malalamiko yakafika hadi kwenye magazeti: majani ya chai yetu, kahawa yetu, namba za wenzetu. Mwaka 2011 GS1 Tanzania ikaanzishwa na namba zetu zikaanza kutoka na 620. Nilifurahi kama wengine, maana mzalishaji wa Singida aliacha kuagiza namba kutoka Nairobi. Ila furaha ilileta na upotofu wake, kwamba 620 ni uthibitisho wa bidhaa kuzalishwa Tanzania. Sivyo. Kampuni ya Kariakoo iliyosajiliwa hapa inaweza kufungasha sahani kutoka China na kuzipa 620 halali kabisa. Na alizeti ya Kinyangiri ikinunuliwa, ikakamuliwa na kufungashwa na kampuni ya Kenya, chupa itasoma 616. Namba inasema ilikotolewa namba. Ubora ni kazi ya shirika la viwango, TBS, na asili ya alizeti ni kazi ya yule aliyeandika, kama aliandika.

Niliporudi nyumbani, Mkalama ilikuwa imeshatengwa na Iramba tangu 2012, makao makuu yakiwa Nduguti, na mashine za kukamua zimejaa. Hamasa ya alizeti ilizidi baada ya Juni 2021, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokuja Singida kukutana na wadau na serikali ikazitaja Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kuongoza uzalishaji ili kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa nje. Kila kikundi kikataka chupa, lebo na barkodi. Kikundi kimoja cha akina mama wa Kinyangiri kikaniomba nikisaidie, nikiwa ni mtoto wa nyumbani na eti nimesomea mambo ya mistari huko Dar.

Chupa zao zilikuwa nzuri. Tulizipeleka kwenye supamaketi moja Dodoma, na mimi nikasimama karibu na keshia nione. Alipitisha chupa, kimya. Akaigeuza, kimya. Akaipangusa kwa pindo la koti lake la kazi, akaiinua kwenye mwanga, akajaribu tena kwa kuiegemeza. Halafu akashusha pumzi na kuanza kuandika tarakimu moja moja kwa kidole, foleni nyuma yake inaguna. Kwa chupa moja anaweza kuvumilia. Kwa mzigo wa mwezi mzima hawezi, na meneja wake hawezi zaidi.

Mchora lebo wa mjini alikuwa amechapa mistari kwa rangi nyekundu juu ya njano, iendane na ua la alizeti. Inapendeza machoni. Lakini skana nyingi za dukani zinamulika kwa mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo wekundu, manjano na weupe ni kitu kimoja. Mashine iliona kibandiko kitupu. Juu ya hapo mistari ilikuwa imelazwa kuzunguka tumbo la chupa nyembamba, ya pembeni ikapotelea kwenye mviringo. Chupa ya duara inataka mistari ipangwe kama vidato vya ngazi, mmoja juu ya mwenzake, ili skana iione yote kwa mpigo. Na karatasi ya kawaida ikilowa mafuta inapoteza weupe wake, kwa hiyo kwa bidhaa yetu lebo ya plastiki ni lazima, hata kama ni ghali kidogo. Mistari myeusi, chini yake nyeupe, nafasi tupu kulia na kushoto. Mambo haya akina mama wangeweza kuambiwa na mtu yeyote kabla ya kuchapa, na hawakuambiwa, kwa sababu aliyewauzia huduma alishalipwa.

Lebo zikarekebishwa, zikasoma. Safari iliyofuata duka likagundua jingine: chupa ya lita moja, ya lita tatu na ya lita tano zote zilikuwa na namba moja. Wateja walikuwa wanabeba lita tano kwa bei ya lita moja, na keshia anawashukuru. Namba haibebi bei. Bei iko kwenye kompyuta ya duka, namba inaiita tu. Kila ujazo unatakiwa namba yake. Hasara ile duka liliikata kwenye malipo ya kikundi, bila barua wala mazungumzo, na akina mama hawakuwa na mkataba wa kuwatetea.

Kilichobadilisha mambo kikundini kilikuja na malalamiko ya mteja mmoja, kwamba mafuta yanatoa harufu ya kuchacha. Tukaiweka chupa mezani. Ina ua, ina jina la kikundi, ina mistari na tarakimu zake 13, inasoma vizuri. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, akaigeuzageuza, akaniuliza: "Mwanangu, hii mistari inasema hii ilikuwa alizeti ya nani?"

Haikusema. Hakuna aliyejua ilikamuliwa lini wala ilitoka kwenye pipa lipi, kwa kuwa tangu walipoanza kufungasha, kauntabuku liliachwa. Waliona chupa yenye barkodi imeshapita mambo ya kauntabuku. Lile la mashine ya mzee lilikuwa na habari nyingi kuliko lebo yao ya rangi nne.

Wakaanza upya, kwa kalamu. Kila pipa la kutuamishia likapewa namba ya bechi. Kwenye kauntabuku ikaandikwa alizeti iliyoingia kwenye pipa hilo, wameinunua kwa nani, imekamuliwa siku gani, imefungashwa siku gani, na katoni zimekwenda kwa nani. Namba ya bechi ikaandikwa kwa maka peni kwenye kila katoni, baadaye wakanunua mhuri wa kugeuza tarakimu wakagonga hadi kwenye chupa. Lalamiko jingine lilipokuja, nalo lilikuja, mama alifungua ukurasa tu. Bechi ile ilitokana na magunia yaliyonyeshewa njiani yakaanikwa nusunusu. Katoni za pipa hilo zilizobaki zikatengwa, na aliyewauzia akaambiwa. Mapipa mengine yakaendelea kuuzwa. Sikuona tofauti kubwa kati ya jambo hilo na siku ya lori la Mbeya, isipokuwa gharama.

Nawaambia hivi wenzangu kwa sababu tunaisifia barkodi kwa lile inalotufanyia kwa uchache zaidi. Wangapi wetu tunauza supamaketi? Shoprite, Uchumi na Nakumatt wote walikuja nchini, wakasifiwa, wakaondoka. Mafuta ya kula yanayotumika Tanzania mengi yanapita kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, yanapimwa kutoka kwenye dumu kwa vikombe, na Mangi hana skana wala haitaki. Ukilipia namba kwa ajili ya keshia peke yake, unaweza kungoja sana kuona faida. Ukizitumia alama ndani, kwenye gunia, kwenye pipa na kwenye katoni, unajua siku hiyo hiyo gunia la mkulima yupi linatoa mafuta mengi, dumu lipi limepungua, na bechi ipi usiipeleke mjini.

Siku hizi wala huhitaji bastola za Dar. Simu ya kawaida inasoma mistari na miraba. Tumelizoea jambo hilo tangu mamlaka ya mapato, TRA, ilipoleta stempu za kielektroniki mwaka 2019, zikianza na sigara na pombe kisha vinywaji baridi, ambapo mnywaji mwenyewe anaweza kuhakiki stempu kwa simu yake. Mashine ndogo ya kuchapa lebo unaiweka juu ya meza moja na mizani.

Na hapa ndipo mpango wa 2027 unapotuhusu. Mistari ya zamani inabeba namba ya bidhaa basi. Msimbo wa miraba unaweza kubeba pia bechi na tarehe ya mwisho wa kutumika, na mashine ya duka ikapangwa ikatae kilichopitwa na muda au bechi iliyoitwa irudi. Maana yake mzalishaji ataulizwa na mashine kitu ambacho zamani aliulizwa na mteja mwenye hasira. Mwenye kumbukumbu atajaza. Asiye nazo atatunga, na tarehe ya kutunga kwenye chakula ni jambo baya kuliko kutokuwa na barkodi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Iguguno, lebo zako zitumie hadi ziishe. Wengine wa Kinyangiri, Nduguti na kwingineko mnaofikiria kulipia, alizeti mpya itaanza kuingia mashineni mwezi Juni na hapo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kujifunza lolote. Nunueni kauntabuku sasa. Choreni safu: namba ya bechi, alizeti ya nani, siku ya kukamua, siku ya kufungasha, katoni ngapi, zimekwenda kwa nani. Tafuteni karani mmoja anayejua kuandika vizuri, mlipeni, na msimruhusu aruke siku. Msimu ukiisha na kurasa zimejaa, nendeni nalo ofisi ya mkoa ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, Singida mjini, mkaulizie namba, moja kwa kila ujazo, na msilipe hela kwa dalali yeyote anayedai kuziuza mtandaoni kwa bei ya kutupa.